Mji wa Baba Haukubomolewa na Umeme

Haukuwa umeme, mwanangu. Nilikuwa mimi. Kwa miaka kumi na minane nimewaambia watu wa nyumba hii kwamba mji wa babu yako ulipotea kwa sababu umeme ulikatika ghafla, na nimelisema hilo mara nyingi hadi zipo siku niliulaumu umeme kwa uchungu wa kweli.

Nakuandikia wewe, Koleta, kwa sababu jana mchana nilikuona umekaa na laptop ya babu yako, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kukubali. Na kwa kuwa mama yako ana udhaifu wa kuchapisha kila anachoandika, wenzako nao watasoma. Wasome tu.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nimerudi likizo kwetu Katindiuka, hapa Ifakara, na begi la nguo chafu na diski mbili za mfumo endeshi mpya wa kompyuta nilizopewa na rafiki. Nilikuwa nasomea fasihi, jambo ambalo halikunizuia kujiona fundi wa kompyuta. Katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyeweza kufungua barua pepe, cheo hicho hakikuwa na mshindani.

Babu yako alikuwa amestaafu karakana ya kiwanda cha sukari. Kompyuta yake aliinunua ikiwa imechoka, kutoka ofisi iliyokuwa ikiondoa vitu vyake vya zamani, na ndani yake alikuta mchezo wa kujenga miji. Wazee wenzake walicheza bao. Yeye alijenga bonde. Kwa miaka mitatu, kila akitoka shambani na kunawa miguu, alikaa mbele ya mashine ile akaweka mto, mashamba ya mpunga, kivuko cha kwenda Lupiro, ng'ambo ya mto, na safu za nyumba za wafanyakazi kama zilivyokuwa kiwandani. Sehemu zinazofurika masika hakujenga kitu, ingawa mchezo wenyewe haukuwa na masika.

Kila mtaa aliupa jina la mtu aliyefanya naye kazi. Mwakalinga, aliyerudi kwao Tukuyu. Masanja, aliyefariki kabla ya kupata kiinua mgongo. Na Komba, Mngoni wa Songea, ambaye babu yako alimfanya mtani tangu siku yao ya kwanza karakana. Mtaa wa Komba aliuweka kando ya dampo. Mzee Komba alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa, anavuta kiti, anaukagua mtaa wake, kisha anadai fidia ya harufu. Babu yako anamjibu kwamba dampo ndilo linalolalamika. Wangeweza kufika saa nane mchana kwa hilo tu.

Picha za mchezo ule zilikuwa mbaya, sikufichi. Nyumba zilifanana na vipande vya sabuni. Kioo cha kompyuta nacho kilikuwa kimechoka, rangi ya bluu imekufa kabisa, kwa hiyo mto ulionekana wa matope. Mimi, msomi, niliona aibu. Nikaamua kumpa baba zawadi: mfumo mpya, na juu yake kifurushi cha picha za kisasa ambacho kingeufanya mchezo wa zamani ung'ae. Baba alikuwa shambani anapalilia. Sikumwuliza, kwa sababu nilitaka ashangae.

Masharti ya mfumo yalikuwa yameandikwa kwenye bahasha ya diski. Ulidai kumbukumbu mara mbili ya ile iliyokuwamo kwenye mashine. Niliyasoma kama mtu anavyosoma bango la kukataza kutema mate, yaani nikiamini yamewalenga wengine.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa dogo zaidi ya hapo, na ndiyo maana nataka ulijue. Nilikumbuka kunakili vitu vya baba kabla ya kufuta diski ya mashine. Nilinakili folda ya nyaraka, yenye barua zake mbili za mafao na picha za ubatizo wako, nikaona nimemaliza. Sikujua kwamba michezo ya zamani haikutunza kazi ya mchezaji kwenye nyaraka. Iliitunza ndani ya folda ya mchezo wenyewe, kule ulikosimikwa. Bonde lote lilikuwa kule. Nikafuta.

Mfumo mpya uliingia ukihema. Mchezo nikausimika upya kutoka diski yake iliyokuja na kompyuta; ulikataa kufunguka, nikaubembeleza, ukakubali. Kifurushi cha picha nacho kikakaa, na hata kwa kioo kile, majani yalionekana jani moja moja. Ila yalikuwa majani matupu. Nilipotafuta mji wa baba, orodha ilikuwa haina jina hata moja.

Alinikuta nalia, jembe bado liko begani mwake. Nikamwambia umeme ulikatika nikiwa naisafisha kompyuta. Alisimama akaitazama ile nyika mpya inayong'aa. Kwa jirani, mashine ya Mama Tumaini ilikuwa inakoboa mpunga, kelele zake zimejaa uani. Baba akashusha jembe, akaniambia, "Pole, mwanangu. Umeme una mambo." Akaenda kunawa.

Hebu fikiri. Yeye ndiye aliyenipa pole.

Hakuugusa mchezo tena. Meza ile alimpa bibi yako aweke cherehani. Mzee Komba aliendelea kuja Jumapili, na kila umeme ulipokatika kweli alinitazama mimi, akasema umeme wa Ifakara una akili sana, umeacha redio, umeacha friji, ukachagua kubomoa mtaa wa Mngoni. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kuangalia chai.

Mwaka jana wewe ulifanya nilichoshindwa kufanya. Uliutafuta mchezo ule, ukauweka kwenye laptop yako ya zamani, ukampelekea babu yako. Alipolalamika kwamba mto ni wa bluu kama wa kalenda, ulikipunguzia kioo bluu mpaka maji yakarudi kuwa matope. Nilipoona hivyo nilijua umenizidi akili. Sasa ana bonde la pili. Safari hii ameweka daraja, kwa sababu siku hizi na sisi tunalo mtoni. Mtaa wa Komba uko kando ya dampo.

Na jana ukaniambia unataka kuiwekea laptop hiyo mfumo mpya kabla ya kumrudishia. Sababu zako si za kijinga. Mfumo wa sasa umeacha kupewa marekebisho ya usalama, na hilo ni jambo la kweli. Lakini mpya unadai kijichipu cha usalama ambacho laptop hiyo haina, nawe ukasema kuna njia ya kuuzunguka ukaguzi. Kisha ungeweka kifurushi cha picha: maji yanayoonyesha samaki, vivuli vinavyosogea na jua. Nikakuuliza kama umemwuliza babu. Ukasema unataka ashangae.

Ndipo nilipokushika mkono, na ukaniona mwehu.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, nazo hazikatazi vitu vipya. Masharti yakisema mashine haitoshi, yaamini, hata kama unajua mlango wa nyuma. Kazi ya mtu inakili mara mbili, kisha ufungue nakala hiyo uione kwa macho kabla hujafuta chochote, maana mama yako alinakili pia. Usimng'arishie mtu kitu chake kabla hujamwuliza anapenda nini ndani yake. Huenda ni ule ubovu unaotaka kuuondoa. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, machozi yakiwa bado yanakusaidia. Ukichelewa utajikuta una miaka arobaini na moja, una shahada mbili, na unaogopa kumpigia simu baba yako.

Nilimpigia asubuhi ya leo. Kutoka hapa Viwanja Sitini mpaka kwake ni safari fupi ya bodaboda, lakini kwa ungamo lile nilichagua simu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia yote bila kupumua, diski, folda, umeme.

Nikasikia kuku wake.

"Siku ile mashine ya Mama Tumaini ilikuwa inakoboa," alisema. "Haikunyamaza hata kidogo."

Mashine ile ni ya umeme, mwanangu. Kwa miaka kumi na minane sikuwahi kuifikiria.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema alingoja nimalize mitihani, nikamaliza, nikaanza kazi, halafu akaona haya kunikumbusha mbele ya watoto. "Na Komba alikuwa anakukumbusha," akaongeza. "Niliona mmoja anatosha."

Nikamwuliza sasa tufanye nini na laptop. Akataka kujua mfumo mpya utamwongezea nini, nikamweleza usalama, nikamweleza samaki. Akauliza kama hatari hiyo inaingia kwa njia ya intaneti. Nikasema ndiyo. Akasema yeye hana intaneti, ana mpunga.

Nyuma yake nikasikia sauti ya Mzee Komba, ikimwagiza aniambie kwamba kwa kuwa mhalifu amekiri, sasa mtaa wake uhamishwe mbali na dampo.

"Mwambie Koleta anakili mji wangu huko anakonakili, halafu ailete hivyo hivyo ilivyo," baba alisema. "Mto asiuguse. Na dampo libaki palepale. Haya, mama, Mungu akutunze wewe na huyo mtoto wako, awape mikono myepesi. Njooni na samaki wa kweli."