Mama Ubao na Meza Inayoyumba

Niseme ukweli, maana sina haja ya kumpendeza mtu: yule mkuu wa mafunzo wa hospitali yetu simpendi. Akinisalimia naitika, lakini ni kwa adabu niliyofunzwa na mama yangu tu.

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Muuguzi tuliyemwita Mama Ubao aliwafundisha watu wa chumba cha dharura miaka kumi na tisa, mimi nikiwemo. Mkali huyo, usiombe! Anamlaza mdoli kitandani, anakuacha uanze kumkandamiza kifua, kisha anakupiga kofi mkononi. "Wewe! Unamwokoa mgonjwa au godoro?" Godoro likibonyea, moyo haubanwi. Kwanza usukume ubao chini ya mgongo. Ubao wenyewe aliuchonga kaka yangu, seremala, akaupiga msasa mpaka ukateleza.

Basi ikaja kompyuta. Unatazama video, unajibu maswali ishirini, unapewa cheti. Sikatai, video ina mazuri yake: unairudia nyumbani, na vijana walijua vipimo vya dawa kutushinda sisi. Lakini mdoli wa kwenye video alilala sakafuni. Sakafu ina godoro?

Mama Ubao alifeli. Swali moja lilihusu mgonjwa aliyelala kitandani. Majibu manne, hakuna hata moja lenye ubao. Akainuka, akauacha mtihani hapo hapo. "Uongo siuchagui." Mkuu akamhamishia stoo ya mashuka, mwanamke mzima na ujuzi wake wote! Darasa likafa. Ubao ukapotea machoni petu, na hakuna aliyeuliza.

Jumanne moja asubuhi nikamleta kaka yangu mwenyewe. Alianguka kwenye karakana yake, kifua kinambana. Njiani bado ananitania. "Mdogo wangu, punguza mwendo, utaniua wewe kabla ya ugonjwa." Tulipomhamishia kitandani tu, moyo ukasimama.

Daktari kijana akaanza kazi, mikono imenyooka, anahesabu bila kukosea. Kitanda kikawa kinalia, kwi, kwi, kwi. Nami nimesimama na viatu vya kaka mkononi, akili imeganda. Nilifundishwa, jamani! Nilijua, na sikusema kitu.

Mama Ubao aliusikia mlio ule akiwa stoo, mlango wa pili. Akaja mbio, shuka bado liko begani. "Mnakandamiza godoro! Ubao uko wapi?"

Muuguzi mmoja akajibu kwa aibu, "Uko chini ya kompyuta. Meza ilikuwa inayumba." Chumba cha kompyuta kilikuwa kimefungwa, na ufunguo anao mkuu, na mkuu yuko kikaoni. Mama Ubao aliuvunja mlango kwa mtungi wa kuzimia moto. Lakini ubao ulipofika, kaka yangu alikuwa ameshakwenda. Mama Ubao aliusukuma chini ya mgongo wake hivyo hivyo, akakandamiza mpaka daktari akamshika mikono.

Ripoti ilisema watumishi wote waliokuwepo walikuwa na vyeti.

Mkuu alikuja msibani. Akakaa karibu yangu, akanishika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Tumeshaongeza swali la ubao kwenye mtihani."

"Na ubao wenyewe uko wapi?"

Akaondoa mkono begani mwangu.

"Tumeurudisha pale," akasema. "Ile meza bado inayumba."