Mji wa Kingo Mbili

Mwaka wangu wa kwanza Birmingham nilihama vyumba mara nne. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi kutoka Pangani. Kila chumba nilikipenda wiki tatu, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Mtaa wa Lozells nilikimbia kelele, kwingine nikakimbia ukimya. Barua za nyumbani niliziandika bila anwani yangu, kwa kuona haya kumweleza mama kwamba nimehama tena.

Chumba cha tano kilikuwa mtaa wa Selly Oak, kwa mjane wa miaka sabini na kitu aliyezaliwa Norwei. Naye alikuwa hatulii. Viti vya sebuleni alivipanga upya karibu kila Jumamosi, na chai aliinywa amesimama dirishani. Tulizungumza Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyezaliwa nayo, na labda ndiyo maana tulielewana.

Siku moja wanawake wa kanisa lake walimwomba awaeleze habari za mji wake. Akaingiwa na hofu. Kila nilipotoka zamu ya asubuhi alinikalisha jikoni nimsikilize akifanya mazoezi ya mazungumzo yake.

Mji wenyewe ulikaa kwenye kingo mbili za mto mpana. Wakati wa baridi wanaume walikata miti milimani na kuyagonga magogo alama ya mwenye mali. Theluji ilipoyeyuka, mto uliyabeba mpaka mjini. Baba yake alikuwa mmoja wa waliosimama juu ya magogo yaleyale yanayoelea, mti mrefu wenye ndoano mkononi, wakiyatenganisha. Mji mzima ulinuka utomvu. Enzi za bibi yake moto uliteketeza nyumba za mbao za upande wa pili, na watu wa huko hawakuacha kudai kwamba wenzao walichelewa makusudi kuja kuuzima. Tangu hapo kila upande ulikuwa na soko lake na bendi yake ya tarumbeta. Sikukuu ya taifa watoto waliandamana na bendera, na kila bendi ilipuliza kwa nguvu ili ya wenzao isisikike.

Kila alipofika kwenye habari za daraja la kuunganisha pande hizo, alikatisha na kwenda kukoroga sufuria.

"Kwetu pia kuna ng'ambo," nikamwambia siku moja. "Pangani huku, Bweni kule. Mama yangu ni wa Bweni. Mpaka leo shangazi zangu wanamtania."

"Lakini walimpokea?"

"Walimpokea."

Akavuta kiti akakaa. "Mimi nilimpenda kijana wa upande wa pili," alisema. "Baba akasema nikivuka daraja lile kwenda kuolewa, nisirudi kwake. Sikuvuka. Nilipanda meli nikaja huku kufanya kazi za nyumbani, na sijawaandikia hata mstari mmoja."

Siku ya mazungumzo nilimsindikiza. Alisema vizuri, hata moto aliueleza mpaka wanawake wakaacha kunywa chai. Kisha mmoja wao akauliza, kwa wema tu, "Mji mzuri hivyo, kwa nini uliondoka?"

Mjane alichukua mkoba wake, akatoka nje. Nilimkuta barabarani akitembea mbio kwenye manyunyu, koti halijafungwa.

"Dada yangu yuko hai," alisema bila kugeuka. "Mtu wa kwetu aliniambia, si zamani sana. Bado yuko nyumba ileile."

Aliandika barua jioni ileile, akairarua, akaandika nyingine. Wiki zilizofuata kukaa naye kulikuwa shida. Alisugua ngazi zilizokwisha kusuguliwa. Tarishi alipopita bila kusimama, alifunga mlango kwa kishindo.

Jibu lilikuja. Alinisomea akitafsiri polepole. Msimu wa baridi wa kwanza baada ya yeye kuondoka, baba yao alivuka daraja kwa miguu, akavua kofia mlangoni kwa yule kijana, akaomba bintiye arudi nyumbani na mumewe. Alidhani wamemficha. Kijana alikuwa hajui lolote. Baadaye msichana aliyesafiri meli moja na binti huyo aliwapa wa nyumbani anwani ya nyumba aliyofikia Birmingham. Baba alimwandikia mara tatu, na barua zote zilirudi zimeandikwa kwamba amehama.

"Nilibadilisha nyumba tano kwa miaka miwili," alisema. Akaikunja karatasi, akaikunjua tena. "Baba alikufa akidhani nilihama ili asinipate."

Nilimshika mkono, naye akauacha mkononi mwangu kitambo kirefu. Kisha nilipanda chumbani nikamwandikia mama, na juu kabisa ya karatasi nikaweka anwani ya nyumba ile kwa herufi kubwa.

Kiangazi alisafiri kwenda kwao. Alirudi baada ya mwezi, amechomwa na jua puani. Magogo sasa yanapita kwa malori, alisema, na mto hauna harufu tena. Kijana yule alikwisha kufariki. Yeye na dada yake waligombana siku mbili kuhusu kaburi la baba, nani alitunze, wakapatana siku ya tatu. Asubuhi moja walivuka daraja pamoja kununua mkate. Dada yake alikuwa hajawahi kula mkate wa upande ule maisha yake yote, na alipoumaliza alisema wa kwao ni bora.