Njia ya Mtoni Si ya Kuanikia Mpunga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siisahau. Ulikuwa mgongoni kwangu, umefungwa kanga, na njia mpya ya waenda kwa miguu hapa Mohoro ilikuwa haijaona msimu wa mavuno hata mara moja. Tuliipenda njia ile. Jioni upepo wa mto unakupiga usoni, huku mashine za kukoboa zinanguruma, huku maji yanakwenda zake, na hakuna pikipiki ya kukurukisha pembeni. Wanawake tulikuwa hatujawahi kupata mahali pa kutembea tu, bila ndoo kichwani.

Siku hiyo nikakuta imefungwa. Mzee Shamte, mwenye mashine, kaanika mpunga ukingo hadi ukingo. Na kwetu mpunga wa mtu haukanyagwi kwa viatu. Basi watu na adabu zao wakawa wanashuka kupita topeni, palepale mamba anapoota jua. Mpaka wanafunzi! Damu ikanichemka.

"Shikamoo, mzee. Tupite wapi?"

"Marahaba. Si hapo chini, binti? Wenzio wote wamepita."

"Na mamba?"

"Aa, saa hizi keshashiba huyo."

Wabeba magunia wake wakacheka. Nikavua ndala, nikazitia kwapani, nikaingia katikati ya mpunga naburuza miguu, kama tunavyougeuza uani ili ukauke.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nakugeuzia mpunga, babu. Hunishukuru?"

Mpunga hugeuzwa kwa miguu mitupu, na yeye anajua kuliko mimi. Nyuma yangu wanafunzi wakavua viatu. Kesho yake tukaja wanawake wa mtaa mzima, tunageuza kwenda, tunageuza kurudi, punje zinamwagikia mtoni. Mzee akauzoa mwenyewe, akauhamishia uwanjani kwake, ananung'unika. Anung'unike tu.

Hasira ile bado ninayo, na sitaki iniishe. Mwanangu, mkubwa mwamkie, mali ya mtu itunze. Lakini mtu akikutaka uhatarishe roho ili yeye asisumbuke, hiyo si adabu tena, kataa. Kataa mchana, mbele za watu, usinung'unike jikoni. Na ukishaipata haki yako, itumie. Toka jioni, tembea taratibu, upunge upepo, usiombe radhi kwa mtu.

Mwenyezi Mungu aipe miguu yako nguvu, aipe sauti yako uthabiti, na kila uendako akufikishe salama. Amin.