Kabati la Diploma Tupu

Siku nilipoteuliwa rekta, yaani mkuu, wa chuo kikuu cha serikali hapa Kisangani, mwanamke wa kwanza katika kiti kile, wamama wa soko la Mangobo walinifungia barabara kwa nyimbo. Mama yangu aliuza kwanga, mikate ya muhogo, pale maisha yake yote, kwa hiyo walinihesabu mtoto wao. Nililia hadharani, wala sikuona haya.

Kosa nililifanya wiki iliyofuata, siku ya makabidhiano. Kwetu rekta anayeondoka humwonyesha anayeingia kila kitu cha ofisi, kisha wote wawili wanasaini. Ukishasaini, chochote kitakachokosekana ni juu yako. Aliyeondoka alikuwa mwalimu wangu wa zamani. Nilimwita papa, yaani baba, tangu mwaka wangu wa kwanza chuoni. Tulipofika kwenye kabati la diploma tupu, zile ambazo bado hazijaandikwa jina, nikaomba ufunguo nihesabu.

"Mutoto yangu," akasema mbele ya maprofesa wote, "leo unanihesabia sawa mwizi?"

Maprofesa wale, wanaume watupu, walikuwa wakingoja nitoe neno moja tu la ukali, wapate kusema: si mnaona, mwanamke akipewa kiti! Aibu ikanishika, nikasaini. Heshima nyingine, jamani, ni ujinga uliovaa kitenge kipya.

Nilipofungua kabati siku chache baadaye, diploma thelathini na nne hazikuwemo. Nilihesabu mara tatu, nikilinganisha namba na daftari. Nikisema, mwizi ni mimi, saini yangu ipo. Nikinyamaza, mwizi ni mimi vilevile. Miezi mitatu nilikaa na jambo hilo peke yangu. Watu walinipigia makofi kwenye mikutano, nami nilitamani kukimbia, lakini nikimbilie wapi?

Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Basoko, ameshuka kwenye boti na diploma ya udaktari mkononi. Alitaka niithibitishe ili aanze kazi hospitalini kwao. Nikaangalia namba. Ilikuwa mojawapo ya zile zilizopotea.

"Ulijifunzia upasuaji hospitali gani?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. "Papa, rekta wa zamani, alisema hautakataa, mama. Alisema iko karatasi mulisaini wote mbili."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Yule mzee alijua nimenaswa, na alikuwa akinituma kama mtoto wa nyumbani kwake! Nikamwona akilini mama mja mzito amelala mezani kule Basoko, mtoto amekwama tumboni, na huyu ndiye ameshika kisu. Nikaifungia diploma ile kwenye dawati langu, nikamwambia atoke.

Nikamwandikia waziri barua: zimepotea ngapi, namba zake, na kwamba nilisaini bila kuhesabu. Sekretari wangu, mama aliyetumikia marekta sita, wote wanaume, akaisoma akiwa amesimama.

"Mama, wakikufukuza, hawataweka tena mwanamke hapa."

"Najua."

"Binti yangu iko mwaka wa pili. Tangu uingie, anasema na yeye atakuwa rekta."

Nikaichukua barua, nikaisaini, nikamrudishia.

"Piga muhuri," nikamwambia.