Mama Amegoma Kuhama Ukingo wa Mto

Wasomaji wenzangu, ukurasa huu umekubali kulificha jina langu, ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, baba wa watoto watano, na ni kapita, yaani msimamizi aliyewekwa na chifu, wa kijiji kimoja kando ya mto, si mbali na mji wa Baraka.

Masika yaliyopita mto ulifurika ukabeba nyumba na watu waliolala ndani. Baraza la chifu likakata shauri: tupande mstari wa miti ya miyenzi uwe mpaka, na kutoka pale hadi majini mtu asijenge wala asilime. Kazi ya kubomoa ikaniangukia mimi. Nilibomoa kweli, tena kwa ukali, hata nyumba ya baba yangu mkubwa. Sijutii. Ile ardhi inaua.

Imebaki nyumba moja tu, ya mama yangu. Wakati wa kubomoa baba alikuwa mahututi, nikaiacha, akafia mle. Na kwetu mjane halali nje ya nyumba ya marehemu mpaka kaka wa mumewe aje kumtoa kilio, yaani kumfungulia matanga. Nilimjengea mama nyumba nzuri huku juu mbali na maji, lakini yeye amefungia mbuzi ndani. Nikimsihi ananijibu, "Mutoto wangu, maji mi naogopa sana, lakini siwezi kumuvunjia baba yako heshima. Leta baba yako mukubwa anitoshe kilio, nitahama."

Baba mkubwa ndiye kaka pekee wa baba aliyebaki. Nilimwendea na jogoo na pombe, hakugusa kitu.

"Ulibomoa nyumba yangu, sikusema," akaniambia. "Sasa unirudishie nafasi yangu kule chini, nijenge na batoto wangu. Siku ile nitakuja kumutosha mama yako kilio."

"Baba mukubwa, batoto watakufa na maji!"

"Na mama yako je?"

Nilirudi nyumbani na jogoo wangu. Majirani nao wananisuta. Jana mama mmoja alinisimamisha sokoni: "Kapita, nyumba yangu ulibomoa sufuria ikiwa kwenye moto. Ya mama yako iko ya mawe?" Watu wakacheka.

Nikimbeba mama kwa nguvu, ukoo utanitenga, naye atajiona amelaaniwa. Nikimpa baba mkubwa nafasi, kijiji kizima kitarudi mtoni. Mvua imeanza milimani na maji ya mto yameshakuwa mekundu kwa udongo. Leo asubuhi mama ameniuliza kama nimemwacha kule afe. Sikuweza kumtazama usoni. Nishaurini jamani, na mfanye haraka: nimwokoe nani?