Mkanda Niliomfungia Anko Percy Ukagoma Kufunguka

Aliyemfunga Anko Percy ni mimi. Nakubali kabisa. Mengine mtanihukumu mkishamaliza kusoma.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, hapa Toronto, mzee wa miaka sabini na tisa alikwama jukwaani mbele ya watu karibu mia mbili. Amefungwa pamoja na kinanda chake kwa mkanda wa kufungia mizigo.

Mkanda haufunguki.

Nimejaribu mimi. Kajaribu msimamizi wa ukumbi. Kajaribu binti wa mzee mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

Wapi.

Na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kuhakikisha huyo mzee hapatwi na tatizo.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Spéciose. Mrundi, nimekulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili kimenikaa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa. Ajensi ilinipangia Anko Percy miaka miwili iliyopita, Etobicoke, ghorofa ya kumi na nne.

Siku ya kwanza nikamsalimia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akasoma jina langu kwenye kitambulisho, akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe si mtu wa kule kwetu wewe?"

Kwa Kiswahili. Tena kile cha zamani, kilichonyooka kuliko changu.

Kumbe Mgoa, asili yao Goa kule India, mzaliwa wa Tanga, alihamia Kanada akiwa kijana. Mkewe alishafariki. Tangu siku hiyo tukawa wakora wawili.

Sasa kinanda. Anko Percy anapiga kitu kinaitwa hadigadi. Kama hujawahi kukisikia usijali, mimi nilidhani ni ugonjwa. Ni kama gitaa lililonenepa, lina gurudumu la mbao ndani. Mkono wa kulia unazungusha mpini, kama cherehani ya mkono, gurudumu linasugua nyuzi. Mkono wa kushoto unabonyeza vitufe vya kubadilisha sauti.

Inavyolia sasa! Chukua zumari, weka nyuki, ongeza mtu anayekoroma kwa furaha.

Mimi nilikipenda. Majirani, hapana.

Kwa kawaida kinapigwa umekaa, umekilaza mapajani, umekifunga kiunoni kwa mkanda. Bila mkanda, ukizungusha tu mpini, kinanda chote kinakimbia. Anko Percy alikuwa anakifunga kwa mkanda wa joho lake la kuogea.

Siku moja mwezi wa kumi na moja fundo likafunguka. Mimi hapo nimebeba bakuli la uji. Nikaona kinanda kinateleza kuelekea sakafuni. Sijui nilifanyaje, nilijikuta nimekidaka kwa goti. Uji wote ukaishia kwenye zulia.

Tukaangaliana.

"Zoe asijue," akasema.

Zoe ni binti yake, mtoto wa pekee. Kiswahili anakielewa, ila anakujibu Kiingereza. Si mtu mbaya, naomba mnielewe. Mwezi wa tatu baba yake alianguka bafuni, na yeye ndiye aliyemkuta. Hofu ikamkaa. Alishaandikisha jina la baba yake kwenye nyumba ya wazee, wanasubiri nafasi. Na akatoa amri: Baba asisimame na kile kinanda, kizito, kitamwangusha. Akisimama nacho, kinauzwa.

Na Anko Percy alikuwa na mpango gani?

Kusimama nacho.

Kila Desemba Wagoa wa hapa wana sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Misa, chakula, muziki. Mwenyekiti wa kamati ni Bi Dulcie, mama mmoja mwembamba ambaye hata padri anamwogopa. Alikuwa amempa Anko Percy nafasi ya kupiga, baada ya bahati nasibu, kabla ya chakula.

"Dakika tano, Percy. Kile kitu kinalia kama mbuzi aliyekwama kwenye lifti."

Anko Percy aliponihadithia alikuwa anacheka, lakini macho hayacheki.

"Mtu akipiga amekaa wanamwona mgonjwa," akaniambia. "Nataka kusimama, Spesi. Mara moja tu. Wanione kiuno."

Nikamwambia siwezi. Kazi yangu itaota majani.

Hakubishana. Ila siku mbili hakugusa kinanda. Alikaa dirishani anaangalia magari ya barabara kuu kule chini, chai inapoa mbele yake.

Siku ya tatu nikasema haya. Lakini tutafute mkanda wa maana.

Zoe tulimpiga kamba kwamba tunakwenda kupimwa macho. Tukaenda kwa Yvan, Mkanada wa Kwebeki anayetengeneza vyombo vya nyuzi, karakana yake iko nyuma ya duka la baiskeli. Yeye ndiye aliyemuuzia Anko Percy hicho kinanda.

Yvan akapiga mluzi alipouona mkanda wa joho.

"Huu ni wa kutokea bafuni," akasema. "Ukitaka kusimama unahitaji mikanda miwili. Wa begani unabeba uzito. Wa kiunoni unabana, na usivutike hata kidogo. Ukizungusha mpini, kinanda kisisogee hata unywele. Na kagua vifungo vyote kabla hujanyanyuka, si baadaye. Ngozi nene ndiyo bora."

"Unayo?"

"Nashona kwa kipimo. Wiki sita."

Sikukuu ilikuwa baada ya siku tisa.

Mkanda wa begani haukutusumbua. Josué, mpiga gitaa wa kanisani kwetu, alitupa wake wa akiba. Lakini ukiuvaa peke yake, kinanda kinainamisha pua kama punda anayekunywa maji. Kiunoni ndiko kulikuwa na mtihani.

Mkanda wa suruali ulikuwa mfupi. Wa begi la safari ulivutika kama ubani wa kutafuna. Nikaona Wazungu wanatuchelewesha, nikatoa kitenge.

"Nimebeba watoto watatu mgongoni," nikamwambia. "Hakuna aliyewahi kudondoka."

Nikakifunga kinanda tumboni kwake kama mtoto mchanga. Kikatulia! Akazungusha mpini pole pole. Safi. Akaongeza kasi.

Mpini ukameza pindo la kitenge. Ukajisokota, ukamvuta mzee mbele, akawa amekunjamana kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni. Tukamtoa kwa mkasi. Kitenge chenyewe nilikivaa harusi ya dada yangu, naomba tusikizungumzie.

Aliyetuokoa ni Brice, mume wangu. Anafanya kazi kwenye maghala ya mizigo kule Malton, jirani na uwanja wa ndege. Kwenye buti ya gari ana mikanda yake ya kufungia mizigo, ile yenye kikazio cha chuma. Unapampu kimpini chake, tak, tak, tak, mkanda unabana.

"Huu nimefungia friji," Brice akasema. "Hauvutiki."

"Na kufungua?"

"Vuta hiki kidude cha ndani, kifungue chote mpaka kilale. Basi."

Kile chuma tukakivika soksi ya sufi kisikwaruze mbao. Tukakiweka ubavuni, upande wa kushoto. Nikamkaza Anko Percy pale pale sebuleni. Tak, tak, tak.

Akasimama. Akazungusha. Kinanda hakikusogea hata unywele.

Alitabasamu mpaka meno ya bandia yakacheza. Nikamfungua, kikafunguka bila shida. Tukarudia mara tano. Bila shida.

Siku ikafika. Zoe alikuwa kazini, angekuja ukumbini saa tisa na nusu kumchukua baba yake. Anko Percy alipangiwa saa nane. Hesabu zimekaa vizuri, si ndiyo?

Bahati nasibu ikachelewa. Kuna mtu alishinda kikapu cha soseji akakikataa, ukazuka ubishi. Anko Percy alipandishwa saa tisa na kitu.

Nikamfunga nyuma ya pazia.

Akatoka amesimama, koti la bluu, kiuno kimenyooka. Watu wakacheka kidogo. Akaanza kuzungusha, ule mlio ukajaa ukumbi, vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mpaka wimbo unaisha watoto walikuwa wamesogea mbele, midomo wazi.

Makofi.

"Asante, Percy," Bi Dulcie akasema kwenye kipaza sauti. "Sasa shuka, chakula kinapoa."

Nikapanda kumfungua. Nikavuta kidude.

Hakitoki.

Nikavuta tena.

"Aaai! Mbavu!" akapiga kelele.

Jasho likanitoka, na nje ni barafu. Akaja Mahmood, msimamizi wa ukumbi, jitu la miraba minne, na koleo mkononi. Alipogusa tu soksi:

"Aaai! Unaniua!"

"Leteni mkasi!" Bi Dulcie akaamuru.

"Mkasi?" Anko Percy akang'aka. "Ukiteleza ukakata nyuzi za kinanda? Ukiteleza ukanikata mimi?"

Mahmood akarudi nyuma.

Anko Percy akashusha pumzi, akainamia kipaza sauti.

"Ndugu zangu, kuleni tu. Mimi nimekwama. Basi nisikae bure."

Akazungusha mpini.

Akapiga mando, zile nyimbo za Kigoa za mapenzi zinazochezwa taratibu. Wazee wakaweka sahani chini. Mama mmoja akaanza kuimba bila kuinuka, halafu meza nzima. Akapiga dansi la zamani la Tanga, nikasahau kwamba nafukuzwa kazi, nikajikuta natikisa bega.

Hapo mlango ukafunguka.

Zoe.

Kimeumana.

Alikimbia mpaka jukwaani na theluji mabegani. Akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyemfunga baba yake hivi. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza. Sitayarudia aliyoniambia.

Akashika kikazio, akavuta kwa mikono miwili.

"Aaai! Mwanangu, pole pole!"

Akavuta tena, machozi yanamlengalenga. Wapi. Akasimama pale anahema. Watu wote wanamtazama. Kisha akazunguka nyuma ya baba yake, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili, tayari kumdaka.

"Haya," Anko Percy akamwambia bila kugeuka. "Huu mama yako alikuwa anaupenda."

Akapiga. Akawa anayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, na Zoe nyuma yake, kwa kuwa alikuwa amemshika, akawa anayumba naye. Mwanzoni alikuwa anazuia. Baadaye hakuzuia.

"Taratibu, baba," nikamsikia anasema. Kwa Kiswahili. Tangu nianze kazi kwa baba yake sikuwahi kumsikia.

Dakika hamsini! Alipochoka tukampa kiti kirefu, akamalizia hapo. Hata Bi Dulcie alicheza, ingawa mpaka leo anakana.

Tukamrudisha nyumbani hivyo hivyo, Brice aje kumfungulia huko, kiti cha mbele, kinanda tumboni, mwendo wa konokono. Zoe akabaki chini kuegesha gari. Mimi na mzee tukaingia kwenye lifti. Nawaza nitamwambia nini Brice, nitawaambia nini ajensi.

Ghorofa ya saba nikasikia: tak.

Mkanda ukalegea.

"Shika kinanda," akasema.

"Anko! Umefunguaje?"

"Mwanangu, unadhani nimestaafu kazi gani?"

"Ofisini. Si unavaa tai kila siku?"

"Tai ni ya heshima tu. Nimefunga mizigo ya ndege pale Malton miaka ishirini na sita. Hivi vikazio navifungua usingizini."

Nikakipakata kinanda vizuri.

"Na kule ukumbini?"

Akainua kiwiko cha kushoto. "Ukikandamiza hapa, hata malaika hafungui."

"Na mbavu?"

"Mbavu zangu nzima."

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimeshika kinanda, sikufanya lolote.

"Dulcie alinipa dakika tano," akasema, sasa hatanii tena. "Ningeshuka, wangenivua kinanda wakanikalisha. Siku hizi kila mtu ananivua vitu, Spesi. Ufunguo wa gari. Viatu mlangoni. Koti kabla sijasema nasikia joto. Leo nilitaka nisivulike."

Lifti ikafunguka. Tukatoka kama watu wa heshima.

Yaliyofuata? Zoe alinishtaki kwa ajensi, nikapewa barua ya onyo. Haki yake, na mimi sikubisha. Lakini Jumatatu akapiga simu. Nikajua ndiyo basi tena. Akaniuliza huyo fundi wa mikanda ya ngozi anapatikana wapi.

Mikanda ilikamilika mwezi wa kwanza. Miwili, ngozi nene, wa begani na wa kiunoni. Yvan alipomuuliza kifungo akiweke nyuma au mbele, Zoe alifikiri kidogo.

"Mbele," akasema. "Mahali anapofika mwenyewe."

Jina la mzee kwenye ile nyumba ya wazee hajalifuta. Amewaambia tu wasimpigie kwanza. Siri ya kiwiko Zoe haijui, tulimwambia kikazio kililegea chenyewe kwenye lifti. Kiswahili anasikia, kusoma hajui, ndiyo maana naandika humu kwa raha zangu. Mkimfahamu, funikeni kombe.

Nilichojifunza ni hiki. Mkanda mzuri haupimwi kwa kubana peke yake. Ukimfunga mtu kwa kumpenda, ili asianguke, kifungo mwachie mkononi mwake.

Na mzee akilia mbavu, kabla hujaita mkasi, angalia kiwiko kiko wapi.