Waya wa Kaka Lali

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa kupenda kukata. Nikiona waya unaning'inia, umepauka, haueleweki unatoka wapi, moyo haunitulii mpaka niukate na kuziba tundu lake. Hakuna aliyenifundisha kazi hii. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na aliyejifunza peke yake huishi na hofu moja: kwamba siku moja atakuja fundi wa kweli, aitazame kazi yake, acheke. Kwa hiyo nilitaka kila kitu kinyooke. Nalisema kosa hilo mapema kwa sababu haya yalinipata mchana kweupe, hapa Kismayo, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu. Asiyetaka kuamini asiamini. Mimi ndiye niliyekuwamo.

Nyumba ilikuwa ya Bi Rukia, mtaa wa kale, karibu na bandari. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta zake nene kama urefu wa mkono wangu mzima, chokaa juu ya chokaa. Ukoo wao ulikimbia vita ukatawanyika. Bi Rukia alikaa kambini Kenya miaka mingi, kisha akarudi, akaikuta nyumba ina watu, akangoja, akabembeleza, mpaka akarudishiwa. Kaka yake mkubwa, Kaka Lali, hakurudi. Alifika Mombasa, mkewe hakufika, na huko huko akazeeka.

Siku hizo Kaka Lali alikuwa hoi kitandani. Alikuwa ameomba jambo moja tu: akione chumba cha nyuma, chumba alichokaa fungate na mkewe. Bi Rukia alikuwa ameshamwambia atampigia picha, amtumie. Akakataa. Alimjibu mdogo wake, "Sitaki picha ya jana. Nataka niingie na miye, nikwambie geuka huku, geuka kule."

Tatizo likawa zile kuta. Ruta ilikuwa ukumbini, mbele, na ukivuka mlango wa chumba cha nyuma mtandao unakufa. Hata laini ya simu mle haishiki. Nilijaribu kuweka kifaa cha kuongeza nguvu kwenye ushoroba, hakikusaidia. Kutoboa ukuta nipitishe kebo, Bi Rukia alikataa katakata. Alisema kuta zile zimevumilia bunduki, hatakubali zife kwa tundu langu.

Nikamwambia basi iko njia nyingine. Viko visanduku viwili vya kuchomeka kwenye soketi. Kimoja unakiunga na ruta, cha pili unakichomeka chumba cha mbali, na mtandao unapita ndani ya nyaya zile zile za umeme zilizomo ukutani tangu zamani. Huhitaji kutoboa kitu. Unachohitaji ni waya mzima kati ya soketi na soketi.

Bi Rukia alifurahi mpaka akakaa chini. Akaniambia nyaya za nyumba ile alizitandaza Kaka Lali mwenyewe, kwa mikono yake, ujanani, alipokuwa fundi umeme. "Basi atapita njia yake mwenyewe," alisema.

Tuliahidiana na Mombasa saa saba, baada ya Adhuhuri. Mimi nilifika asubuhi. Bi Rukia alikuwa jikoni, uani, anakuna nazi. Kila akipita huchungulia ukumbini na kunikuta bado nanyoosha kebo ileile ya ruta, mpaka akauliza, "Fundi, unafunga waya au unaupiga pasi?" Nilicheka, lakini iliniuma. Nilijua naenda polepole. Nilitaka asiione hata kona moja iliyopinda.

Kisha nikaenda chumba cha nyuma, nikachomeka kisanduku cha pili kwenye soketi ya karibu na dirisha. Taa ikawaka nyekundu, maana yake mtandao ni dhaifu. Nikachomoa, nikachomeka tena. Nyekundu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, jasho linanitiririka, ndipo sauti nyuma yangu ikasema:

"Hiyo ya dirishani iliungwa baadaye, na mchu asiyejua kazi. Tumia ya nyuma ya mlango."

Niligeuza shingo. Alikuwa mzee mrefu, amevaa fulana nyeupe na kikoi chenye ukingo wa buluu, amesimama karibu na kidaka, ile rafu iliyochimbwa ukutani. Kwenye mgongo wa mkono wake palikuwa na pamba imebandikwa kwa plasta, kama mtu aliyetoka kutundikiwa dripu. Chumba kikanukia dawa ya hospitali. Kwa ile "mchu" yake ya Kibajuni, badala ya mtu, nilidhani ni jamaa wa Bi Rukia kutoka kisiwa cha Chula, amekuja mjini kutibiwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kwetu, mzee akiingia ulipo, unainuka. Unampa mkono, unaubusu, unamuuliza hali, unamuuliza ni wa nani. Kisha unamwita mwenye nyumba umwambie mgeni amefika, kahawa iletwe. Hata mtoto wa miaka minne anajua hivyo. Mimi sikuinuka. Nilimwamkia kwa mdomo nikiwa nimempa mgongo, kwa sababu nilikuwa na koleo mkononi na taa nyekundu mbele yangu, na niliona haya kuwa amenikuta nimeshindwa.

Nilifanya alivyosema. Soketi ya nyuma ya mlango, taa ikawaka kijani. Hivyo tu.

Akaniuliza Rukia yuko wapi. Nikasema yuko jikoni, nimwite? Kwa hakika niliuliza, lakini niliuliza nikiwa bado sijainuka, kama mtu anayetarajia kuambiwa usijisumbue.

"Mwache," alisema. "Nikenda jikoni sitaweza kutoka tena."

Halafu akanyoosha kidole juu. Pembeni mwa boriti palikuwa na waya wa zamani, umefunikwa kitambaa cheusi kilichochakaa, umeshuka kama utumbo na kuingia ukutani juu ya mlango. Akasema usiukate huo, una sura mbaya lakini ndio wenye kazi. Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, nikainamia simu yangu kupima kasi ya mtandao. Nilipoinua kichwa hayupo. Sikushtuka. Nani anashtuka mzee akitoka chumbani?

Mngenikuta pale mngesema nilikuwa nimeshamaliza. Kweli nilikuwa nimemaliza. Lakini nilisimama mlangoni nikakitazama chumba kama kitakavyoonekana kwenye simu, na kila nilipotazama niliuona ule waya. Niliwaza: mgonjwa amengoja miaka yote hii kukiona chumba chake, na kitu cha kwanza kukiona ni uchafu ule? Na akiwa fundi, si atauliza ni nani aliyeuacha?

Karibu na saa sita umeme ukakatika, kama kawaida ya mtaa ule. Nikapanda kiti. Nikauwekea testa ya kupimia umeme, haikuwaka. Bila shaka haikuwaka, umeme haukuwepo mtaa mzima! Hata aliyesoma kazi hii siku moja anajua kwamba waya haupimwi umeme ukiwa umekatika. Nami nilijua. Wallahi nilijua. Nilitaka tu sababu. Nikakata, ncha ya chini ikaponyoka ikarudi ndani ya ukuta, ya juu nikaificha nyuma ya boriti, nikapaka chokaa kidogo juu ya tundu, nikashuka. Chumba kikapendeza.

Umeme uliporudi, taa ya kisanduku haikuwaka, si kijani wala nyekundu. Soketi ya nyuma ya mlango ilikuwa imekufa. Ya dirishani nayo ikakataa.

Bado nilikuwa juu ya kiti, nachokoa ile chokaa niliyoipaka mwenyewe, simu ya Bi Rukia ilipolia ukumbini. Saa saba ilikuwa bado. Alikuwa mtoto wa Kaka Lali. Alisema baba amelala tangu jana hajafumbua macho wala kusema, sasa hivi amezinduka na anauliza chumba. Bi Rukia akaniita nije nimsalimie kaka yake.

Nilikuja na vumbi la chokaa mikononi. Akanielekezea simu usoni. Nikamwona mzee amelazwa kwenye mito, fulana nyeupe, pamba imebandikwa kwa plasta mgongoni mwa mkono.

Niaminini, badala ya kutoa salamu nilificha nyuma mikono yangu yenye chokaa. Yeye alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Akasema polepole, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo la kawaida:

"Ndiye huyo. Nilimwambia asiukate."

Mwanawe kule akasema baba anaweweseka. Bi Rukia hakusikiliza, alishaanza kutembea na simu kuelekea nyuma, anamwambia kaka, tunakwenda sasa, huu ushoroba, unauona ushoroba? Mimi nikamfuata. Nilitaka kumwambia asiende. Alipofika kizingitini picha ikaganda. Uso wa Kaka Lali ukabaki pale umesimama, macho wazi, yanatazama mlango. Kisha simu ikakata.

Tulirudi ukumbini, tukapiga. Mwanawe akapokea, akasema amefumba macho tena. Bi Rukia akakimbilia chumbani na simu, akarekodi video ya kila kitu, kidaka, boriti, dirisha, huku akizungumza naye kama anamwona, akaja ukumbini akaituma. Ilifika. Lakini Kaka Lali hakuifungua, wala hakuna aliyeweza kumwonyesha. Aliaga kabla ya Asri.

Ncha ya waya niliipata jioni hiyo, watu wakiwa wameshaanza kuja matangani. Nikaunga. Taa ikawaka kijani. Nilitamani ikatae.

Nilimsimulia Bi Rukia baada ya siku tatu. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza, akaniuliza kikoi kilikuwa na ukingo wa rangi gani. Nikamwambia buluu. Akasema kikoi hicho yeye ndiye aliyempelekea kaka yake Mombasa. Kuhusu waya hakuniuliza kitu. Alichoniuliza, akarudia, akarudia, ni hiki: "Mimi nilikuwa jikoni, hatua kumi. Kwa nini alikuja kwako?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimficha yale maneno ya kaka yake kuhusu jikoni kwa miezi. Niliogopa yatamvunja. Yeye alidhani kaka yake alifika nyumbani akampita kama mtu asiyemjua. Kila nilipokwenda kumtazama alikuwa amekonda zaidi, na kila mara alinitaka nimweleze upya alisimama wapi, alitazama upande gani. Siku moja nilishindwa, nikamwambia: alikuuliza wewe kabla ya kitu chochote. Nikataka kukuita. Akasema akienda jikoni hataweza kutoka tena.

Bi Rukia aliweka kikombe cha chai chini. Halafu akasema, "Angebaki. Ningemshika." Akalia, kwa mara ya kwanza tangu matanga, na mimi nikalia, maana nilikuwa na mdomo na miguu siku ile, na ningeweza kumwita tu.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi ndani ya nyumba za watu, na ninyi mnaorudi kwenye nyumba zenu baada ya miaka, sikilizeni. Mzee akikusemesha, acha ulichoshika. Inuka. Mpe mkono, umuulize ni wa nani, na umwite mwenye nyumba hata akisema asiitwe. Akiwa ni mtu kama sisi, utakuwa umefanya adabu. Asipokuwa mtu kama sisi, huenda ni hiyo tu nafasi yake ya kuonana na aliyeko jikoni.

Bi Rukia alikuwa akilala ukumbini, karibu na ruta, ili asikie simu. Sasa amehamishia kitanda chake chumba cha nyuma, na haachi mlango ufungwe, kaka yake asije akampita tena.